Savage ya naitro nimeitia mota ya brashlesi, na spidi ndio ilikuwa ya mwisho kwenye mawazo yangu

Watu wakiona gari la rimoti limetolewa injini ya naitro, ile ya mafuta, limewekwa mota ya umeme wanajua moja kwa moja huyu jamaa anataka spidi, washaona zile video za magari yanakata kilomita mia kwa saa barabarani afu yanapinduka yanabaki vipande, basi wanadhani wote tunaelekea hukohuko. Mi hapana. Mi nataka gari ambalo Jumamosi jioni nikilitoa nje linawaka. Basi. Na kwa hapa Dar ukiwa na gari la naitro, kuwaka ndio mtihani wenyewe.

Gari ni HPI Savage, wanaozijua wanazijua, monsta traki ya skeli ya 1/8, matairi makubwa, na chesi yake haina bamba la kulala chini, ni mabamba mawili ya aluminiamu yamesimama wima na kila kitu kimebanwa katikati yake. Vyuma vigumu kwelikweli. Zilianza kutoka miaka ya mwanzoni ya 2000 na mpaka leo ukimkuta mtu anayo unakuta bado nzima, labda bodi tu ndio imepasuka. Na HPI wenyewe mwaka 2009 walitoa Savage Flux inayokuja na brashlesi toka kiwandani, kwa hiyo sio kwamba nimebuni kitu hapa, nimefanya kwa mkono kile ambacho kampuni ilishafanya.

Sasa tatizo la naitro mtu halielewi mpaka awe nayo. Ile injini hainywi petroli. Haina plagi ya kutoa cheche, ina kiplagi chenye kiwaya cha platinamu ndani, unakipasha moto kwa betri wakati wa kuwasha tu, baada ya hapo methanoli ikigusana na ile platinamu yenyewe inakiweka kiwaya chekundu muda wote na injini inaendelea. Tia petroli uone, utavuta ile kamba mpaka bega liume na hamna kitu. Kwa hiyo lazima upate mafuta yake, methanoli na nitromethani asilimia 20 au 25 au 30 kutegemea na injini, na oili imo humohumo. Haya, tafuta hicho kitu Kariakoo. Ndege ya abiria hubebi hata kichupa, iwe mkononi iwe kwenye begi la chini, ni kimiminika cha moto. Meli inabeba lakini kama mzigo wa hatari na karatasi zake zote, ambayo kwa mtu anayetaka galoni moja ya kuchezea hiyo hesabu haifanyiki. Kuna mshikaji alinishawishi tununue methanoli kwenye maduka ya kemikali tuchanganye wenyewe uani, nikamwambia ndugu yangu methanoli inapita kwenye ngozi, mvuke wake unaingia mapafuni, na ikishaingia mwilini ya kutosha inapofusha, mi nina watoto humu ndani, hiyo biashara sina.

Na hata ukiwa na mafuta kuna kile kitu cha kutyuni. Asubuhi umepanga sindano ya kabureta vizuri, saa nane mchana joto limepanda na unyevu wa huku pwani unaujua, injini imebadilika tabia, inakata, inazidisha moto, unarudi kwenye bisibisi. Wapo wanaoipenda hiyo sehemu kuliko hata kuendesha, nawaheshimu. Harufu yake na mlio wake ni kitu kingine kabisa, hilo silikatai. Ila majirani zangu wanalikataa.

Brashlesi sasa. Mota za kawaida, hizi za drili na blenda, zina kaboni, vile vipande viwili vinavyosugua shaba katikati ili kupeleka umeme kwenye koili zinazozunguka, ndio maana drili ikichoka fundi anakwambia kaboni zimeisha. Brashlesi imegeuza mambo: koili zimetulia kwenye ganda la nje, kinachozunguka katikati ni sumaku tu, na kazi ya kubadilisha umeme uende koili gani saa ngapi inafanywa na kontrola ya elektroniki, ile wanaiandika ESC kwenye boksi. Hamna kinachosugua isipokuwa beringi mbili. Ndio maana mota ndogo ya kushika kiganjani inatoa nguvu ya kusukuma kilo nne na zaidi kwenye mchanga na haipotezi umeme mwingi kwenye joto. Waya zake ni tatu, na ukikuta gari linarudi nyuma wakati umebonyeza mbele unabadilishana waya zozote mbili kati ya hizo tatu, imeisha, huhitaji kufungua kitu. (Hii ni kwa mota zisizo na sensa, zenye sensa usifanye hivyo.)

Nilichochukua ni Hobbywing EzRun MAX8 pamoja na mota yake ya 4274 ya 2200kV. Kontrola inabeba ampea 150 mfululizo, inakubali betri za lipo (lithiamu polima) kuanzia 3S mpaka 6S, yaani seli tatu mpaka sita, na haiogopi maji. Ile 4274 maana yake kipenyo milimita 42 na urefu milimita 74, na shafti ni milimita 5. Kuna za Castle pia nzuri sana kwa magari ya ukubwa huu, na kuna za bei rahisi zisizo na jina ambazo zingine zinakaa vizuri zingine zinatoa moshi wa kwanza ndio wa mwisho, chagua mwenyewe kulingana na mfuko na moyo wako.

Hapo kwenye 2200kV ndio watu wengi wanapotea, kwa sababu wanaona namba kubwa wanadhani ndio nguvu. Hiyo kV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa mota haijabeba mzigo. Lipo ya 4S ni volti 14.8, zidisha kwa 2200 unapata 32,560. Ya 6S ni volti 22.2, unapata 48,840. Sasa kumbuka injini ya naitro ya aina hii nayo inazunguka elfu thelathini na kitu ikiwa kwenye spidi ya juu. Umeiona hiyo? Kwa 4S mota inazunguka karibu sawa na injini iliyotoka, maana yake gia boksi, difu, shafti, vyote vinabaki kwenye mizunguko ileile vilivyotengenezewa, na pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, unaweza kuanza na idadi ya meno ileile iliyokuwa kwenye kengele ya klachi, yaani gia ndogo ya injini. Huhitaji kukisia. Kwa 6S unaongeza mizunguko nusu nzima juu yake na matairi yanaanza kuvimba yanakuwa membamba ya mviringo, inapendeza kwenye picha, ila mi kila kitu kikivunjika nakisubiri wiki kadhaa kutoka nje. Nimekaa 4S na nitakaa 4S.

Ila kuna kitu hesabu hiyo haikwambii. Injini ya naitro inaanza pole, klachi inateleza kwanza, inakamata taratibu, gari linaondoka. Mota ya umeme haina kusubiri, nguvu yake kubwa kabisa iko palepale mwanzo, mizunguko ikiwa sifuri. Ukibonyeza trigi yote ni kama... ngoja nitumie maneno ya mpwa wangu, "mjomba limesimama na miguu miwili". Ndio, linanyanyuka mbele. Na ile nguvu yote ya ghafla inapita kwenye meno ya difu ambayo aliyeyachora alikuwa anafikiria klachi inayoteleza. Kwa hiyo kwenye kontrola kitu cha kwanza nilichogusa ni panchi, ile setingi ya ukali wa kuondoka, nikaishusha kabisa chini. Halafu klachi ya kuteleza iliyopo kwenye gia kubwa usiikaze mpaka mwisho, iache iteleze kidogo gari linapoondoka, utaisikia inalia kwa sauti nyembamba hatua chache za mwanzo, hiyo sauti ni salama yako.

Kabla ya mota kukaa lakini kuna gia boksi, na hapa ndio kazi ilipo kwa hizi zenye gia mbili. Savage ya naitro inabadilisha gia yenyewe ikifika spidi fulani. Ili gia ya pili ikikamata ile ya kwanza isigombane nayo, gia ya kwanza imekalia beringi ya upande mmoja. Kwa naitro haina shida kwa sababu breki yake ni diski inayokamata baada ya hapo, upande wa magurudumu. Ila kwa umeme breki ni mota yenyewe na rivasi ni mota yenyewe, sasa mota ikitaka kuzuia au kurudi nyuma ile beringi inaachia, gari linaserereka tu huna breki na huna rivasi. Wengi wanafunga mota kwanza afu wanaanza kulaumu kontrola.

Nikaenda eneo la Gerezani hapa Dar kwa mzee mmoja mkereza vyuma, ana mashine ya kukereza ya zamani sana, rangi yote imetoka imebaki chuma na mafuta. Shikamoo mzee, marahaba, umeleta nini. Nikamwekea shafti na gia na ile beringi kwenye meza. Akaishika kwa vidole viwili akaizungusha, upande huu inateleza, upande huu inagoma, akarudia tena, akacheka. "Hii friwili ya baiskeli hii."

"Ndiyo mzee. Nataka iwe haina friwili."

"Izunguke pamoja?"

"Izunguke pamoja, mbele na nyuma."

Akachukua venia akapima ndani ya gia, akapima shafti, hakuandika popote, akaniuliza swali moja tu, hiki kinabeba nguvu gani, nikamwambia ni kidogo ila inakuja ghafla. Akaacha shaba aliyokuwa ameishika akachukua kipande cha chuma. Akakereza bushi, akatoboa tundu linalopita bushi na shafti kwa pamoja akapiga pini. Gia ya pili yote na vile vikamatio vyake nikavitoa, gari linabaki na gia moja. Wakati anakereza kijana wake alikuwa amelishika gari lenyewe analigeuzageuza akauliza hili ni la mtoto wako bosi, nikasema ndiyo, maana maelezo mengine hayana faida.

Kwa kubaki na gia ya kwanza peke yake spidi ya juu inashuka, sawa, ila mota inafanya kazi kirahisi na joto linakuwa kidogo sana, na nikitaka kasi zaidi naongeza jino moja kwenye pinioni, napima joto, kama bado iko chini naongeza lingine. Hiyo ndio njia ya ustaarabu. Kuongeza volti ndio njia ya watu wenye duka la spea nyumbani.

Kitako cha mota nacho alikitengeneza palepale, bamba la aluminiamu la milimita 6, matundu mawili ya skrubu za M4 yaliyo mbali milimita 25, na hayo matundu yawe marefu ya kuvuta sio ya duara, ili pinioni usogeze karibu au mbali na gia kubwa. Meno yakibanana sana yanalia na yanachemka, yakiachana sana yanakatika. Weka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya meno, sukuma mota mpaka ibane, kaza skrubu, zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjikakunjika ila haijachanika iko poa. Kila skrubu inayoingia chuma kwa chuma tia loktaiti (gundi ya kuzuia skrubu kulegea) ya bluu, nyekundu usiguse labda uwe na moto wa kufungulia.

Umeme wa ndani ni rahisi. Sevo ya gesi na breki, kile kimota kilichokuwa kinavuta kabureta na breki, inatoka, haina kazi tena, waya wa kontrola unaingia kwenye chaneli ya pili ya risiva (kile kinachopokea amri za rimoti) palepale ilipokuwa. Kontrola inatoa umeme wa risiva na sevo ya usukani, kwa hiyo kile kibetri kidogo cha risiva cha enzi ya naitro nacho unakitoa, usiache vyote viwili vimechomekwa vitapigana. Plagi ya betri nimebadilisha nimeweka XT90 zile zenye pete ya kijani, zina resista ndani, kwa sababu ukichomeka betri kapasita za kontrola zinavuta umeme kwa mkupuo na plagi ya kawaida inapiga cheche inayokula shaba polepole. Waya ni nene, hivyo solda ya wati 30 ya kutengenezea redio haitazipasha moto vya kutosha, utaishia kuunguza plastiki huku risasi haijashika. Tafuta ya wati 60 kwenda juu, au ongea na mafundi wa simu wakukodishie dakika chache.

Haya, betri. Hapa naomba tuelewane maana kila nikitoka na gari lazima atokee mtu ananiambia kwa nini usitumie betri za laptop zimejaa. Sawa tupige hesabu. Seli moja ya laptop ile ya duara ya 18650 inatoa ampea 5 hivi bila kuumia. Gari hili likiondoka kwenye mchanga linaweza kuomba ampea 100 kwa sekunde moja mbili. Kwa hiyo unahitaji seli 20 sambamba, mara 4 kupata volti, seli 80. Kila seli ni gramu 45 hivi. Kilo 3.6 za betri juu ya gari la kilo nne na kitu. Hapo unajenga mkokoteni. Lipo ya 4S ya 5000mAh ina gramu mia tano hivi na inatoa hizo ampea bila kelele, hata ukipuuza nusu ya namba waliyoandika kwenye stika, maana hizo namba za C kwenye lipo, za uwezo wa kutoa umeme kwa mkupuo, kila kampuni inaandika inavyojisikia.

Kuzipata huku ni kazi yake. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kupanda ndege ya abiria kama mzigo, zinapanda ndege za mizigo tu na ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30, ndio maana wauzaji wengi wa nje ukiandika Tanzania wanakutolea betri kwenye oda. Njia iliyobaki ni mtu. Abiria anaruhusiwa kubeba kwenye begi la mkononi betri isiyozidi Wh 100 (wati-saa), na hesabu yake ni volti mara ampea-saa: 4S ya 5000 ni 14.8 mara 5, Wh 74, inapita. 6S ya 5000 ni 111, hiyo mpaka shirika la ndege limkubalie. Sababu nyingine ya kukaa 4S, mnaona. Mi nimechukua mbili za 2S, kila moja ina Wh 37, nazifunga moja baada ya nyingine gari linaona 4S, uzito unagawanyika kushoto na kulia, na zinakaa vizuri pembeni ya yale mabamba. Shemeji yangu anaendaga Guangzhou kwenye mzigo wake wa nguo, ndio kaniletea. Nilimwambia shem, kila moja kwenye mfuko wake, plagi zimezibwa tepu, mkononi sio kwenye begi la chini, na kabla hujaondoka uliza shirika la ndege mwisho ni ngapi. Wakamsimamisha wakasoma stika wakamwachia. Kwa hiyo hakikisha stika inasomeka, betri ambayo stika imechubuka inabaki uwanjani.

Chaji kwa ampea sawa na ukubwa wake, 5000mAh ni ampea 5, saa moja hivi. Ila angalia wati za chaja yako, zile chaja ndogo za wati 50 kwa 4S zinaishia ampea 3 basi, haijalishi umeseti nini. Nyingi zinakubali volti 12 pia kwa hiyo umeme ukikatika unachomeka kwenye betri ya gari maisha yanaendelea. Mi nachajia kibarazani juu ya sakafu ya simenti ndani ya chungu kikubwa cha udongo na ndoo ya mchanga iko pembeni, na siondoki. Usicheke. Lipo ikivimba na kushika moto haikupi muda wa kumwita mtu. Ukimaliza kucheza usiiache imejaa wala imekauka, rudisha mpaka volti 3.8 kila seli ndio uweke kabatini, na kwa joto la huku usiiache ndani ya gari lililopaki juani. Kwenye kontrola nako ile setingi ya kukata umeme betri ikishuka usiizime hata mtu akikushauri, mi nimeiweka kiwango cha juu kabisa, napoteza dakika chache za kucheza, betri inakaa.

Joto la mota. Kuna watu wanagusa kwa kidole na kuhesabu, sawa ikiwa huna kitu kingine, ila vidole vya fundi wa chapati na vya karani wa benki havisemi kitu kimoja. Nunua kile kibunduki cha infraredi cha viwandani. Sio vile vya corona vya kupima kipaji, navijua vimejaa kwenye madroo ya maofisi, vile vikivuka nyuzi 43 hivi vinaandika HI vinakata tamaa. Nikiona mota inakaribia nyuzi 80 nasimama, kwa sababu sumaku za ndani zikipata joto kupita kiasi zinapoteza nguvu na hazirudishi hata ikipoa. Kwa gia ya kwanza na 4S jioni ya Kigamboni kwenye mchanga mlaini nimekuwa naona 60 na kitu, na hiyo ni baada ya kuliendesha bila huruma.

Na mchanga wenyewe sasa. Pwani yetu ina mchanga wenye chembe nyeusi za madini mazito, kule Fungoni Kigamboni kuna hadi mradi wa kuchimba hayo madini, na kati ya hizo chembe kuna zinazovutwa na sumaku. Jaribu siku moja, chukua sumaku ya spika mbovu ipitishe kwenye mchanga mkavu pale juu maji yanapoishia, itatoka imejaa. Sasa mota ya brashlesi ni sumaku inayozunguka. Kwa hiyo kama unaishi pwani chukua mota iliyofungwa, isiyo na matundu ya kupumulia kwenye ganda, hata kama zile zenye matundu zinapoa vizuri zaidi. Hii 4274 ganda lake limefunga. Nje bado zinashika, nafuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Feni ya kontrola ndio adui mwingine, mchanga unaingia kwenye vijipanga vyake inaanza kulia, nimeivalisha kipande cha soksi nyembamba ya kike, hewa inapita mchanga haupiti. Kutoka baharini kila beringi ya magurudumu inaoshwa maji baridi, inakaushwa, inapigwa oili nyepesi. Chumvi haina utani.

Watoto wa mtaani nao walikuja siku ya kwanza, wakasimama wakaangalia, mmoja akauliza mbona halina mlio, limeharibika? Nikabonyeza likapita kwenye miguu yao, hakuna aliyeuliza tena. Kuna sauti lakini, kama unasikiliza vizuri, ile nyembamba ya meno na matairi kwenye changarawe, na faida yake ni kwamba ukisikiliza hiyo unasikia pia kitu kikianza kwenda vibaya, ambacho kwa naitro usingekisikia mpaka kivunjike.

Ndivyo nilivyoijua difu ya nyuma. Inatoa mlio wa kukwaruza ukiachia gesi, upande mmoja tu, maana yake gia ndogo na kubwa zimeachana kidogo humo ndani. Naifungua wikiendi hii, nasafisha ile grisi nyeusi yote, naweka oili ya silikoni, nyuma 7,000 na mbele 10,000 (namba ya uzito wa oili), na kuisogeza gia kubwa kwa shimu, vile vipete vyembamba vya kujazia nafasi. Shimu za milimita 0.2 ndio sina. Kuna kijana pale Gerezani ananiambia atanikatia kwenye kopo la bia, unene wake ni milimita 0.1 hivi, niweke mbili. Kama kuna mtu ana zile zenyewe za chuma na yuko Dar aniandikie, kopo la bia nitalitumia wakati nasubiri.